Mlango ulioshindikwa haujafungwa

Umezuka mtindo miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na hata wa shule za sekondari wakiwa likizoni, wa kuficha faili zao za siri ndani ya simu kwa kutumia skripti. Skripti, kwa asiyeijua, ni amri chache zilizoandikwa kwa maandishi ya kawaida, moja chini ya nyingine, ambazo simu au tarakilishi huzisoma na kuzitekeleza kwa mfululizo. Mwanafunzi huipata kwa mwenzake, akaiendesha mara moja, na folda iliyojaa picha, barua au rekodi zake ikatoweka machoni. Akiiendesha tena, folda hurejea. Haigharimu hata ndururu, na humpa mwenye simu furaha ya mtu aliyecheza kiinimacho mbele ya umati.

Sina ugomvi na ubunifu huo. Kijana anayeandika amri tano zikamtii amejifunza jambo ambalo wengi wetu tuliokwenda shule kabla ya enzi za rununu hatukupata nafasi ya kujifunza. Ugomvi wangu ni na neno analolitumia baadaye. Muulize amezifanya nini faili zake, naye atakujibu bila kusita: "Nimezifunga." Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, hulazimika kumsimamisha. Hajazifunga. Amezishindika.

Wasomaji waliolelewa katika Kiswahili cha nyumbani wanalijua neno hilo. Kushindika mlango ni kuusukuma mpaka ukagusana na mwimo wake, bila kutia komeo wala kuzungusha ufunguo. Apitaye njiani haoni ndani, na mgeni mwenye adabu atasimama abishe hodi. Lakini asiye na adabu atausukuma kwa kidole kimoja na kuingia. Kukomea ni jambo jingine, na kufunga kwa ufunguo ni jingine tena. Wazee wetu walizitenganisha hali hizi kwa sababu usalama wa nyumba ulitegemea kuzijua. Neno "funga" likiachwa peke yake hubeba mizigo mingi mno: kitabu hufungwa, mzigo hufungwa, na mhalifu pia hufungwa. Nazo simu zetu zimeuzidisha mkanganyo, maana ukitumia simu kwa Kiswahili, neno hilo hilo hutumika unapoondoka katika programu na unapoitia simu nywila. Si ajabu basi kijana akidhani kwamba kisichoonekana kimefungwa.

Hebu tutazame skripti hizi hufanya nini hasa. Nyingi hutegemea hila chache zinazojulikana. Ya kwanza ni nukta. Mfumo wa Android, unaoendesha simu nyingi humu nchini, umejengwa juu ya Linux, nao Linux ulifuata desturi za mfumo mkongwe uitwao Unix. Katika mifumo hiyo, folda ambayo jina lake linaanza kwa nukta haionyeshwi katika orodha ya kawaida. Folda iitwayo "barua" ikipewa jina ".barua", huondoka machoni. Kazi yote ya skripti ni kuitia na kuiondoa nukta hiyo.

Asili ya desturi yenyewe ni kisa cha kufundisha. Rob Pike, mtaalamu aliyefanya kazi Bell Labs ambako Unix ilizaliwa, alieleza mwaka 2012 kwamba haikukusudiwa. Waliounda Unix walitaka orodha ya faili isionyeshe alama mbili ambazo zingemkera mtumiaji: nukta moja, inayosimamia folda uliyomo, na nukta mbili, zinazosimamia folda iliyo juu yake. Badala ya kuziangalia alama hizo mbili kwa ukamilifu, programu ikaandikwa kwa njia ya mkato, ikawa inaangalia herufi ya kwanza ya jina tu. Ikiwa ni nukta, jina linarukwa. Kutokana na mkato huo, kila jina lililoanza kwa nukta likaachwa nje ya orodha, na watu wakaigeuza kasoro kuwa desturi. Hakuna aliyeketi akasema, "Natutengeneze kufuli." Kilichokusudiwa ni orodha iliyo nadhifu, basi.

Hila ya pili ni kuweka ndani ya folda faili tupu yenye jina ".nomedia". Faili hiyo huiomba Android isiziorodheshe picha za folda hiyo katika programu ya picha. Nasema huiomba, kwa kuwa programu ya picha hutii, lakini programu ya kupangia faili haijali. Hila ya tatu ni kubadilisha kiambishi cha jina la faili, ili picha ijidai kuwa maandishi. Mwanafunzi wa isimu angepaswa kuwa wa kwanza kuicheka hila hii, kwani tunamfundisha tangu mwaka wa kwanza kwamba jina si kitu chenyewe. Faili ya picha ya aina ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na itaendelea kuanza hivyo hata ukiiita hotuba ya harusi. Programu inayotazama mwili wa faili badala ya jina lake huitambua mara moja.

Zipo pia skripti zinazojigamba kuwa zinadai nywila kabla ya kukifichua kilichofichwa. Hizi ndizo zinazowapumbaza wengi zaidi. Skripti ni maandishi, na katika nyingi ya hizo nywila imeandikwa humo humo kwa herufi za kawaida ili ilinganishwe na ile utakayoitaja. Yeyote atakayeifungua kama anavyofungua barua ataisoma. Ni sawa na mtu aliyefunga lango kisha akaning'iniza ufunguo kwenye msumari ulio pembeni mwa lango hilo.

Sasa msomaji na ajiulize ni nani anayezuiwa na hila hizi. Mtoto anayechezea simu ya mamake atazuiwa. Rafiki aliyeazima simu apige simu moja atazuiwa pia, maana hakuwa na nia ya kutafuta. Lakini anayetafuta hazuiwi hata kidogo. Programu nyingi za kupangia faili zina mahali pa kuchagua "onyesha faili zilizofichwa", na ukibonyeza hapo, nukta zote huwa bure. Ikiwa folda imo katika kadi ya kumbukumbu, hata kubonyeza hakuhitajiki. Itoe kadi uitie katika tarakilishi inayotumia Windows, mfumo ambao hauipi nukta ya mwanzo maana yoyote, na folda iliyofichwa itasimama wazi kama jua la saa sita. Fauka ya hayo, huenda picha ilikwisha kupelekwa katika hifadhi ya mtandaoni kabla mwenyewe hajaificha, ikawa amefukia kivuli na mwili uko juu.

Halafu kuna fundi wa simu. Simu ikivunjika kioo, huipeleka kibandani na mara nyingi humwachia fundi pamoja na nywila yake, ili aijaribu akimaliza. Mafundi wengi ni waaminifu, wala sikusudii kuwachafulia jina. Hata hivyo, siri ya mtungi aijuaye ni kata, na fundi ndiye kata la simu zetu. Mtu anayeshinda na simu za watu asubuhi hadi jioni haijui nukta?

Wazo la kuficha kwa hila si geni katika lugha yetu. Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili kutokana na kazi yake Zanzibar katika karne ya 19, alitia katika kitabu chake mifano ya Kinyume, msemo wa mafumbo ambapo silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzoni. Maji huwa "jima", simu ingekuwa "musi", na picha "chapi". Anayekisikia Kinyume kwa mara ya kwanza huduwaa. Lakini mwambie kanuni yake, na baada ya siku chache atakielewa. Baada ya mwezi atakisema kukushinda. Siri yote ya Kinyume imo katika kanuni, na kanuni ikivuja mara moja, kila kilichowahi kusemwa kwayo kimevuja. Ndiyo sababu Sheng, ambayo vijana huitumia pia kuwatenga wazazi na walimu, haiachi kubadilika. Maneno ya mwaka juzi yamekwisha kujulikana na wakubwa, basi sharti yazuliwe mengine.

Skripti ya nukta ni Kinyume cha simu. Nguvu yake ni ujinga wa yule mwingine, na ujinga wa mtu mwingine si mali unayoweza kuitegemea.

Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi, nami nalitaja kwa fahari ya taaluma, alikuwa mwanaisimu. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha mjini Paris, alichapisha mwaka 1883 makala kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi. Wakati huo majeshi yalikuwa yakitumiana habari kwa telegrafu, na kila jeshi lilijivunia utaratibu wake wa kuficha maneno. Kerckhoffs akasema kwamba utaratibu wenyewe usihitaji kuwa siri. Uwe ni wa aina ambayo hata ukianguka mikononi mwa adui hakuna kitakachoharibika. Siri ibaki katika ufunguo peke yake, ambao ni mdogo, hukumbukwa kwa urahisi, na hubadilishwa wakati wowote wenyewe wakitaka. Zaidi ya miaka 140 baadaye, kanuni hiyo ndiyo msingi wa elimu yote ya usalama wa data. Ipime skripti yako kwa mizani hiyo. Je, ukimwonyesha adui yako jinsi inavyofanya kazi, faili zako zitabaki salama? Ikiwa sivyo, basi huna kufuli.

Kufuli la kweli huitwa usimbaji. Faili inaposimbwa, mwili wake wenyewe hugeuzwa kwa hesabu ndefu, ukawa mchafuko wa tarakimu usioweza kurejeshwa pasipo ufunguo. Haijalishi inaonekana au haionekani. Mwizi anaweza kuitazama mchana kutwa, akainakili, akaipeleka kwa mafundi wa mji mzima, na bado asipate neno. Hapo ndipo tofauti ya kuficha na kufunga inapodhihirika: kilichofichwa hulindwa kwa kutoonekana, kilichofungwa hulindwa hata kikiwa mbele ya macho.

La kutia moyo ni kwamba kufuli hilo aghalabu limo tayari mfukoni mwetu. Tangu Android 10 iliyotolewa mwaka 2019, simu zinazoingia sokoni na toleo hilo au la baadaye zinatakiwa kusimba data ya mwenyewe, hata zile za bei nafuu. Simu nyingi za Samsung zina folda salama yenye ufunguo wake tangu 2017, na programu ya Files ya Google ilipata folda ya aina hiyo mwaka 2020. Hata kampuni kubwa zilichukua muda kulitambua jambo hili. Katika iPhone, albamu ya picha zilizofichwa iliweza kufunguliwa na yeyote aliyeshika simu iliyo wazi, mpaka toleo la iOS 16 la mwaka 2022 lilipoitia kufuli. Kwa miaka kadhaa, watengenezaji hao nao walikuwa wakishindika.

Ufunguo una masharti yake. Kufuli linalofunguliwa kwa mwaka wako wa kuzaliwa, au kwa tarakimu zile zile ambazo ndugu na jirani wamekuona ukizibonyeza unapotuma pesa, ni kufuli la mapambo. Na ukiusahau ufunguo wa faili iliyosimbwa, usitarajie fundi wa kukuokoa, kwani ndiyo maana ya kufunga. Kwa hiyo tasnifu, hati na picha za thamani ziwe na nakala mahali pengine, nayo nakala iwe imefungwa vile vile.

Najua nitapingwa kutoka pande mbili. Upande mmoja watasema kwamba mwanafunzi mwenye simu kuukuu hana la kufanya ila skripti, na afadhali kushindika kuliko kuacha wazi. Nakubali kwamba mlango ulioshindikwa una faida yake. Humzuia mbuzi, na humstahi aliye ndani. Lakini anayejua kwamba mlango wake haukufungwa halazi dhahabu sebuleni. Hatari ya skripti ni utulivu wa moyo inaouleta. Anayejua hana kufuli hujihadhari na anachokihifadhi. Anayedhani analo hurundika humo kila kitu, matokeo ya hospitali, picha za faragha na nywila zenyewe, kisha akamkabidhi fundi simu huku akipiga mluzi.

Upande wa pili watasema kwamba mwenye kuficha ana hatia, na mwanafunzi mwema hana la kufunga. Hawa huchanganya siri na faragha. Siri ni jambo usilotaka lijulikane. Faragha ni nafasi unayostahili hata kama ndani yake hamna la ajabu. Tunafunga mlango wa bafu si kwa sababu tunatenda uhalifu humo. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, habari za familia yake na mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 nayo inamharamishia mtu kusambaza picha za faragha za mwenziwe. Lakini sheria hufika baada ya picha kufika. Msichana ambaye picha yake imezunguka katika mabweni matatu hafutiwi aibu na hukumu ya hakimu.

Mpaka hapa nimezungumzia faili ambazo ni zetu wenyewe. Jambo linalonitia hofu zaidi ni faili ambazo si zetu. Wanafunzi wa uzamili katika isimu huenda mashinani kurekodi usemi. Wao wanatafuta vitenzi na toni, lakini watu hawasemi vitenzi, husema maisha yao. Mzee akieleza jinsi shamba lilivyogawanywa, au mama akisimulia ndoa yake, huwa ameahidiwa kwamba jina lake halitatajwa. Nimewasikia watafiti chipukizi wakinihakikishia kwamba rekodi zao zimefungwa, na nilipotazama nikakuta folda yenye nukta mbele ya jina, basi. Ahadi aliyopewa mama yule imening'inizwa juu ya nukta moja!

Walimu wa shule nao wamo katika hali hiyo hiyo. Mtaala wa umilisi umewazoesha kupiga picha za wanafunzi na kazi zao, na simu ya mwalimu siku hizi ni ofisi nzima, yenye alama, rasimu za mitihani, maelezo ya mtoto aliyeleta tatizo la nyumbani kwa mwalimu mshauri. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Sheria hiyo hiyo inautaja usimbaji kwa jina lake miongoni mwa njia za kulinda habari za watu. Kuficha kwa nukta haikukutaja.

Nini basi kifanywe? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali. Mosi, walimu wa somo la kompyuta wasiwakemee wanafunzi kwa skripti zao, bali wazilete darasani. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi waandike skripti ya kuficha folda isiyo na siri yoyote. Katika kipindi cha pili wabadilishane simu au tarakilishi za maabara, kila mmoja afichue folda ya mwenzake. Katika kipindi cha tatu wafundishwe kusimba, na wajaribu tena kufichua. Somo hilo halitasahaulika, kwani mwanafunzi atakuwa ameshindwa kwa mikono yake mwenyewe. Pili, idara za vyuo vikuu zisimruhusu mtafiti kwenda kurekodi watu kabla hajaonyesha jinsi rekodi hizo zitakavyosimbwa na nani atakayekuwa na ufunguo. Tatu, kila shule ikubaliane kwamba picha na habari za wanafunzi hazikai katika simu binafsi ya mwalimu zaidi ya muda zinapohitajika, na zikikaa, zikae chini ya kufuli.

Nasi tunaofundisha lugha tuna wajibu wetu. Turejeshe darasani maneno tuliyoyaachilia yafifie: kushindika, kukomea, kufumba, kusimba. Mtu asiye na neno la kutofautisha vitu viwili huelekea kuviona kimoja, na katika jambo hili gharama ya kuviona kimoja hulipwa na mtoto, na mgonjwa, na mzee aliyeaminishwa. Mwanafunzi akikuambia tena kwamba faili zake amezifunga, muulize swali moja tu: ufunguo uko wapi? Akikosa la kujibu, mweleze kwa upole kwamba mlango wake bado unangoja kidole.